Kifua cha Chengula Mbele ya Tume ya Soya

"Vua shati."

"Sivui."

"Vua shati bwana, usinichoshe. Nina vifua sitini vya kumaliza kabla ya saa saba."

"Kapime cha baba yako."

"Cha baba nilishapima juzi. Raia mwema yule. Nilimwambia shati tu, akavua mpaka soksi."

"Na chako kapima nani?"

"Nimejipima mwenyewe."

"Ukapata ngapi?"

"Hiyo siri ya serikali. Vua, Chengula. Ukikataa naandika umekataa, na kifua kilichokataa kinahesabiwa kimeota matiti."

Chengula akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia paa la ofisi ya kata. Ningemwambia nini? Changu kilishapimwa asubuhi, inchi thelathini na nne, kikagongwa muhuri wa bluu hapa chini ya shingo, na muhuri wenyewe hautoki hata kwa sabuni ya kipande.

Huyo mwenye futi ya cherehani shingoni ni Mtimbuka, Afisa Vifua wa Kata. Msicheke. Cheo kipo, kina ofisi, kina pikipiki. Na Chengula ni mwenzangu wa kupasua mbao. Gogo linalala juu ya shimo, mimi nasimama chini nauvuta msumeno, yeye anasimama juu anaupandisha. Miaka kumi na moja anaupandisha. Ukimwona kwa mbele ni kama mlango wa ghala umevalishwa shati.

Akavua. Mtimbuka akamzungushia futi, akasoma, akaizungusha tena, halafu akakaa kwenye kiti kama mtu aliyepigiwa simu kwamba mkewe kajifungua mapacha.

"Arobaini na nne," akasema. "Ndugu yangu, umeniokoa. Wiki ya nne hii natafuta kifua."

"Kifua cha nini?"

"Usiulize kama mpinga maendeleo. Haya vaa. Hapana, subiri, usivae kwanza."

*

Ngoja niwaeleze, maana nyie mlioko kwenye nchi zenye akili hamwezi kujua.

Sisi tunaongozwa na Rais wa Milele wa Muda. Katiba inasema wa muda, chama kinasema wa milele, wakabishana, wakakutana katikati. Mtaani tunamwita Mkuu, inaokoa pumzi.

Mkuu alisafiri kwenda nje akaalikwa chakula. Akala nyama, akaisifu, akaomba nyingine, akauliza ng'ombe huyu analishwa nini. Wakamwambia, samahani mheshimiwa, huyo si ng'ombe, hiyo ni soya. Waliokuwepo wanasema alikaa kimya dakika nzima, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu aapishwe. Aliporudi hakwenda hata nyumbani. Alihutubia palepale uwanja wa ndege, begi mkononi.

"Ndugu wananchi! Mimi sijawahi kudanganywa na mtu. Lakini punje hii, ndogo hivi, imenidanganya. Sasa kama inaweza kunidanganya mimi, njaa ni nani?"

Tukapiga makofi. Kwetu makofi hayasubiri kuelewa.

Basi ikawa soya. Redio ikifunguliwa soya, ikifungwa soya. Wataalamu wakaja kutuelimisha, na nisiwe mwongo, mengi waliyosema yalikuwa kweli. Kwamba inajenga mwili kuliko maharage. Kwamba haina yale mafuta mabaya yanayoziba mishipa ya moyo. Kwamba mizizi yake inarudishia udongo rutuba, na kwamba eneo la kulishia ng'ombe wachache, ukipanda soya watu wakaila wenyewe, linashibisha kijiji. Mtu mwenye akili zake angesema, kumbe, basi tulime kidogo, tule kidogo, tuone. Lakini Mkuu hajawahi kufanya kitu kidogo.

Msitu wa Lukanga ukafyekwa wote. Ule msitu ambao mwaka juzi mimi na Chengula tulilala mahabusu siku tisa kwa kupasua mninga mmoja, tena ulikuwa umeanguka wenyewe. Afisa Mazingira alitulilia siku ile, machozi kabisa, akatuambia mti ni pafu la dunia, nyie mnaipasua dunia mapafu. Afisa huyohuyo ndiye alishika kibendera kuyaruhusu matrekta yaanze. Nikamsogelea.

"Bosi, vipi mapafu?"

"Yale yalikuwa mapafu ya zamani," akasema, akapunga kibendera.

Kijito cha Lukanga kikapungua kikawa matope, matope yakakauka yakapasuka kama kisigino. Taarifa ya habari ikatangaza kwamba sasa wananchi wanavuka bila daraja, mafanikio mengine ya serikali.

Soya ilipovunwa tukakaa na sufuria zetu tunasubiri. Malori yakapita. Yakapita tena. Mtu mmoja, fundi baiskeli, akanyoosha mkono kwenye mkutano wa hadhara akauliza zinaenda wapi. Mkuu wa Wilaya akajibu, zinaenda nje. Wanakula? Hapana, wanalishia nguruwe. Fundi baiskeli akauliza, kwa hiyo tumefyeka msitu na kukausha kijito ili nguruwe wa watu wapate afya?

"Swali zuri sana," Mkuu wa Wilaya akasema. "Mkamateni."

*

Sasa nyumbani kwa Chengula soya ilikuwepo kabla Mkuu hajajua hata kuitamka.

Ana mtoto mmoja, Tunu, miaka mitatu. Yule mtoto maziwa ya ng'ombe yalimkataa. Akinywa kijiko kimoja tumbo linajaa, anatapika, anaharisha, analia mpaka sauti inakwisha. Mwaka wake wa kwanza wote alikuwa anafanana na mwiko. Ndipo nesi wa zahanati akamfundisha mkewe Chengula, shemeji yangu Sikudhani: chukua soya, iloweke, ichemshe sana, usiifanyie haraka maana mbichi inasokota tumbo, menya maganda, anika, kaanga, saga, changanya kwenye uji. Sikudhani akapanda robo eka nyuma ya nyumba. Haikupita miezi mitano, mwiko ukaanza kufanana na mtoto. Ukaota mashavu. Siku moja ulinitukana.

Ni mtoto huyo tu anayeila. Chengula mwenyewe hajawahi hata kuonja. Anasema inanuka majani mabichi. Yeye ni ugali na maharage, sahani mbili, na akikosa maharage anakula ugali na hasira.

Kesho yake baada ya kupimwa kifua, Mtimbuka akafika na mgambo wawili na kamba. Wakaizungushia robo eka kamba. Wakaingia ndani wakatoka na debe la soya, ndilo lililokuwa limebaki la mtoto mpaka mavuno.

Sikudhani alikuwa anafua. Akasimama na povu mikononi.

"Mnapeleka wapi hiyo?"

"Shemeji, hii soya ya nani?" Mtimbuka akauliza. Watu wakiwa na cheo kila mke wa mtu ni shemeji yao.

"Ya Tunu."

"Tunu ana hati ya shamba?"

"Tunu ana miaka mitatu."

"Kwa hiyo hana. Andika hana." Mgambo mmoja akaandika. "Shemeji, usipaniki. Haijataifishwa, imealikwa. Ni kielelezo namba mbili. Kielelezo namba moja ni mume wako."

"Mume wangu kafanya nini?"

"Kafanya kifua."

"Na mtoto atakula nini?"

"Mpe maziwa."

Sikudhani alicheka, kicheko kile cha mtu anayetafuta kitu cha kurusha. Chengula akaingia katikati. Mtimbuka akamvuta pembeni, akaongea taratibu, lakini mimi nilikuwepo nikasikia.

"Sikiliza. Ukisimama vizuri mbele ya Mkuu siku hiyo, ukasema utakachoambiwa, debe linarudi, kamba inatoka, mtoto anakula. Ukileta ujeuri wako wa msituni, hakuna kurudi. Nimeongea kama rafiki."

"Siku yenyewe lini?"

"Wiki sita."

Chengula akaangalia debe. Akaangalia mlango wa ndani, Tunu alikuwa amekaa kizingitini anatafuna ncha ya gauni lake.

"Nitasimama," akasema.

*

Hiyo siku ilikuwa ya Tume ya Taifa ya Kutafakari Faida na Madhara ya Soya kwa Afya ya Wananchi na Mazingira Yao. Ilitokana na uvumi. Uvumi ulianzia kambini, kwamba mwanaume akila soya anaota matiti, ndevu zinaacha, na mambo mengine yanalala moja kwa moja. Wanajeshi wakagoma uji wa soya. Mawaziri wakaanza kuja bungeni na makoti mawili mawili juani. Na Mkuu mwenyewe, aliyekula sahani mbili kule nje, watu wa ikulu walimwona mara tatu anajiangalia kiubavu kwenye kioo.

Mwenyekiti alikuwa Profesa Nzwalile. Ana shahada tatu, zote za mawe. Nilimfahamu vizuri kwa sababu Tume iliweka kambi kwenye kata yetu, na mimi nilipewa kazi ya kumtunza Chengula asikonde.

Nchi yetu ina Sheria ya Mizani. Jambo lolote la taifa likichunguzwa, idadi ya faida lazima ilingane na idadi ya madhara, la sivyo ripoti inarudishwa. Kwa hiyo Tume ilikuwa na pande mbili za meza, kulia Faida, kushoto Madhara, na wakati wa chai walibadilishana viti ili asiwepo mtu wa kulaumiwa.

Upande wa Faida ulimaliza haraka. Waliandika kumi na moja na wakaenda kulala. Upande wa Madhara ndio walihangaika. Siyo kwamba hayakuwepo. Nikawaambia mimi mwenyewe wakati nawapelekea chai: msitu umekwisha, kijito kimekauka, wilaya nzima imepanda mmea mmoja mpaka akija mdudu mmoja mwenye njaa tumekwisha, na watoto wa shule walilishwa soya iliyochemshwa nusu saa wakasokotwa matumbo wiki nzima.

Profesa alinisikiliza vizuri, mpaka mwisho. Halafu akashusha miwani.

"Kijana, hayo yote kafanya nani?"

"Serikali."

"Basi. Matendo ya serikali hayana madhara. Tunatafuta madhara ya soya."

Wakatafuta. Kwenye faida paliandikwa inapunguza mafuta kwenye damu, wakajibu kwenye madhara kwamba inapunguza wateja buchani. Kwenye faida, inarutubisha udongo. Kwenye madhara, udongo ukirutubika magugu nayo yananenepa bila kibali. Iliandikwa shamba dogo linashibisha watu wengi, na mkabala wake wakaweka kwamba mtu akishashiba anaanza kuuliza maswali. Hiyo walipongezana sana, wakashikana mikono. Wakafika kumi. Ya kumi na moja ndiyo ilibaki matiti, na ya matiti ilihitaji ushahidi wa kusimama kwa miguu miwili.

Upande wa Faida nao wakaamka wakasema, hata sisi tunataka mtu wa kuonyesha, soya ilivyomjenga. Profesa akafungua makabrasha yake. Bajeti ilikuwa ya kifua kimoja.

"Kitatumika pande zote," akasema. "Asubuhi misuli, mchana matiti."

Lakini sayansi inataka kabla na baada. Baada tulikuwa nayo, inchi arobaini na nne. Kabla iko wapi? Chengula hajawahi kupimwa na mtu, mwili wake ulikuwa unapimwa na milango. Hapo ndipo Mtimbuka alipopata wazo lililompandisha cheo. Akapanda pikipiki akaenda kwa fundi Mwinchumu, yule mzee anayeshona sare za shule tangu enzi na enzi na hajawahi kutupa daftari. Akarudi jioni anapiga honi kutoka mbali.

Ilikuwepo. Mwaka, mwezi, jina la Chengula, kaptula moja, shati moja, kifua inchi ishirini na mbili.

"Mara mbili!" Profesa akapiga meza. "Kabla ya soya ishirini na mbili, baada ya soya arobaini na nne! Mara mbili kamili, hakuna hata nukta!"

"Profesa," nikasema, "alikuwa na miaka saba. Anaanza darasa la kwanza."

"Umri haumo kwenye hadidu za rejea."

"Na soya hajawahi kula."

Akaniangalia kwa huruma, kama daktari.

"Kijana, ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita."

"Inaonekana."

Huku nyumbani siku zilikuwa zinakwenda. Sikudhani alijaribu uji wa mahindi mtupu, akajaribu wa ulezi, akaazima karanga kwa majirani, za kuhesabu. Soya sokoni haikuwepo, yote ilikuwa inawahi nguruwe. Wiki ya tatu mashavu ya Tunu yakaondoka. Wiki ya tano akaacha kunitukana. Nikimwita ananiangalia tu, ananisahau, anaangalia ukuta.

"Bado wiki moja," Chengula akawa anamwambia mkewe.

"Mwambie yeye," Sikudhani akamjibu. "Mimi najua kuhesabu."

*

Sherehe ilifanyika Shamba la Taifa, palepale ulipokuwa msitu. Watu elfu nne juani. Mkuu alipofika akauliza mbona hakuna kivuli. Waziri akamwambia kimeshaagizwa nje, kiko bandarini.

Jukwaani kulikuwa na meza mbili. Moja ya sinia kubwa la kielelezo namba mbili, debe zima la Sikudhani limemwagwa likasawazishwa, na kibendera cha taifa katikati. Ya pili alisimamishwa Chengula, juu ya meza, kifua wazi, kapakwa mafuta ya nazi anang'aa kama kabati jipya. Sikudhani alikuwa chini kwenye mstari wa mbele, Tunu mgongoni. Mimi nilikuwa nimeshika kopo la mafuta.

Mzungumzaji wa Faida akapanda.

"Mheshimiwa, tazama! Tazama ukuta huu! Huyu alikuwa na inchi ishirini na mbili, kitoto, kinyonge, mzigo kwa taifa! Leo hii ni tembo! Ni nini hiki, kama siyo soya?"

Makofi. Mtimbuka akamgeuza Chengula ubavu, kama mtu anageuza samaki kikaangoni. Mzungumzaji wa Madhara akapanda, analia kabisa.

"Mheshimiwa, tazama maskini huyu! Inchi ishirini na mbili, mwanaume kamili, anajitambua! Leo amevimba! Anahitaji sidiria, mheshimiwa! Ni nini hiki, kama siyo soya?"

Makofi, ya ukubwa uleule. Sheria ya Mizani inahusu makofi pia, kuna mtu anasimama na saa.

Mkuu akainuka. Akamzunguka Chengula mara mbili. Akambonyeza kifua kwa kidole, akafikiri, akabonyeza upande wa pili kulinganisha.

"Wewe mwenyewe unasemaje? Soya imekufanyia nini?"

Mtimbuka akakohoa. Chengula alikuwa amefundishwa jibu siku nne. Nilimwona anaangalia chini, kwenye mstari wa mbele, kichwa cha Tunu kilivyolala kwenye bega la mama yake. Na jamaa yangu, ambaye aliwahi kumtupa polisi kwenye kisima, akasema kwa sauti ya mtoto wa shule:

"Imenijenga, Mkuu. Ila naogopa."

"Imemjenga ila anaogopa," Mkuu akarudia, akafumba macho kwa utamu. "Hapo ndipo nilipotaka tufike."

Akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Nimewasikiliza wa Faida, wana hoja. Nimewasikiliza wa Madhara, wana hoja. Kiongozi dhaifu angechagua. Mimi sichagui, mimi naunganisha! Kuanzia leo, kwa sababu ya faida zake, kulima soya ni lazima kwa kila kaya. Na kuanzia leo, kwa sababu ya madhara yake, kula soya ni marufuku kwa kila kinywa. Tutalima, hatutakula! Nguruwe wa wenzetu ndio wataota matiti!"

Bendi ikalipuka. Watu wakarusha kofia. Profesa Nzwalile akakumbatiana na pande zote mbili za meza. Nikatafuta uso wa Chengula. Bado alikuwa juu ya meza, ameshusha mikono.

"Mtimbuka," akasema. "Debe."

"Si umesikia mwenyewe, ndugu yangu? Marufuku."

"Ulisema nikisimama vizuri."

"Na umesimama vizuri sana, nitakuandikia."

Chengula akapaza sauti, ile ya msituni, ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. "Mkuu! Mimi sili soya! Sijawahi kula hata punje! Anayekula ni mwanangu, basi, robo eka tu, haina matiti wala msitu!"

Bendi ikakatika. Profesa akasimama haraka. "Mheshimiwa, kielelezo hakiruhusiwi kujieleza."

Lakini Mkuu siku hiyo alikuwa na furaha, akapunga mkono. "Hapana, hapana. Mimi ni baba. Mtoto ana umri gani? Mitatu? Apewe fomu ya kibali maalumu cha kula. Mpeni hapahapa, watu waone."

Fomu ikaletwa, maana fomu kwetu hazikosekani, ilikuwa imechapwa kabla hata Mkuu hajaamua. Mtimbuka akaisoma kwa sauti. Mwombaji aje mwenyewe. Ajaze kwa mwandiko wake. Aambatanishe ushahidi wa daktari kwamba amekula soya miaka kumi mfululizo bila kudhurika. Awe ametimiza miaka kumi na nane.

"Hiyo kumi na tano iliyobaki," Mkuu akasema, "itapita tu, watoto wanakua haraka."

Watu wakacheka, wale wenye kazi ya kucheka.

Mshereheshaji akaangalia ratiba yake. Hakuwa amesikiliza chochote, yeye anasoma tu. "Na sasa tunamkaribisha mama wa familia ya kielelezo, atoe neno la shukrani!"

Sikudhani akapanda ngazi. Akakipita kipaza sauti. Akaipita fomu iliyonyooshwa. Akaenda mpaka kwenye meza ya sinia, akaung'oa ule mti wa kibendera akaulaza pembeni vizuri, hakuutupa. Akafungua kanga ya kiunoni, akaitandaza mbele ya miguu ya Mkuu, akainua sinia, akaanza kumimina.

Hakuna aliyemzuia. Wote walidhani imo kwenye ratiba. Bendi ikaanza kumpigia, taratibu, wimbo wa mavuno.

"Mama," Mkuu akasema. "Unafanya nini?"

"Naweka chakula cha mtoto."

"Si nimesema sasa hivi hapa?"

"Nimekusikia, baba. Tunu ndiye hajasikia, alikuwa amelala kwa njaa."

"Mama, hicho ni kielelezo!" Profesa akapiga kelele.

"Basi andika kimeondoka."

Akakusanya pembe nne za kanga, akakaza fundo kwa meno. Punje kama kumi zilikuwa zimedondoka kwenye zulia. Akainama akaziokota, moja moja, moja ilikuwa imegusa kiatu cha Mkuu, akaifuta kwenye gauni. Chengula akaruka kutoka mezani akamtwika. Wale mgambo wawili wakajisogeza wakasimama chini ya ngazi, mikono tayari, wakimsubiri ashuke kinyumenyume. Kwetu hakuna mtu anayempa Mkuu mgongo. Unainama, unarudi nyuma hatua ndogo ndogo mpaka asikuone. Mawaziri wawili wanachechemea mpaka leo, waliikosa ngazi kwa heshima.

Sikudhani akashika mzigo kwa mkono mmoja, mwingine akampandisha Tunu vizuri mgongoni. Akageuka. Mgambo walipomwona anakuja uso kwa uso hawakujua amri gani inahusika, wakapisha. Mkuu akabaki ameangalia migongo miwili, mkubwa na ule mdogo juu yake, inashuka ngazi, inakata shamba katikati, haikimbii.